Dawa za Sonona kwa Vijana: Onyo la Mwaka 2004 Linatudai Nini



Wazazi wengi huuliza swali moja wakati cheti cha dawa kimekwisha andikwa na wao wameshanyanyuka kwenye kiti: "Daktari, dawa hizi hazitamdhuru mwanangu?" Wamesikia kwamba dawa za sonona huwafanya vijana wajiue. Wamesikia kwamba ukizianza huwezi kuziacha tena. Kijana mwenyewe yuko kimya, na anachokiogopa zaidi ni kuonekana kichaa mbele ya wenzake.

Swali hilo ni halali. Ninalijibu mapema ili mnipime kwa jibu langu hadi mwisho. Dawa hizi zina nafasi katika kutibu sonona ya wastani na sonona kali kwa vijana. Hatari yake inajulikana. Ni ndogo, lakini ni ya kweli. Na namna ya kuikabili inajulikana pia: kijana anayeanza dawa lazima aangaliwe kwa karibu, hasa katika wiki za mwanzo. Dawa isiyo na mwangalizi ndiyo ninayoiogopa.

Ugonjwa kwanza

Tusipime hatari ya dawa kana kwamba kukaa bila tiba hakuna hatari. Sonona ya kijana mara nyingi haionekani kama huzuni. Binti aliyekuwa akifanya vizuri darasani anaporomoka katika muhula mmoja. Mvulana aliyependa mpira haendi tena uwanjani, anafoka kwa jambo dogo, hapati usingizi usiku kisha analala mchana kutwa. Mwingine analalamika kichwa na tumbo, akipimwa haonekani na kitu. Nyumbani anaitwa mvivu au jeuri, na wapo watakaosema amerogwa. Hali hii ikidumu wiki mbili au zaidi, ikamzuia kusoma, kufanya kazi na kukaa na watu, huo ni ugonjwa na unahitaji tiba.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kujiua ni sababu ya tatu ya vifo duniani kwa watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29. Wengi wa vijana wanaojiua hawajawahi kumeza kidonge hata kimoja cha sonona. Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua. Kwa hiyo kila tunapouliza dawa ina madhara gani, tuulize papo hapo: na ugonjwa ukiachwa?

Jaribio namba 329

Hofu ya wazazi ina asili yake, na wana haki ya kuijua.

Mwaka 1994 kampuni ya SmithKline Beecham, ambayo baadaye iliungana na nyingine ikawa GlaxoSmithKline, ilianza jaribio la dawa huko Amerika ya Kaskazini lililopewa namba 329. Vijana 275 wenye sonona, wa umri wa miaka 12 hadi 18, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa paroksetini, dawa iliyokuwa mpya. La pili lilipewa imipramini, dawa ya zamani. La tatu lilipewa vidonge vitupu, visivyo na dawa ndani yake. Watafiti walikuwa wametaja kabla ya kuanza vipimo viwili vikuu vya kuamua kama dawa imefanya kazi. Wiki nane zilipokwisha, paroksetini haikukishinda kidonge kitupu katika kipimo chochote kati ya hivyo viwili.

Waraka wa ndani wa kampuni wa mwaka 1998 ulisema kwamba kibiashara isingefaa kutamka kuwa dawa haikuonyesha kufanya kazi, na ukaelekeza jinsi ya kudhibiti taarifa hizo. Julai 2001, makala yenye majina ya waandishi 22, wakiongozwa na Martin Keller wa Chuo Kikuu cha Brown, ilitoka katika jarida la madaktari wa akili wa watoto wa Marekani. Ilisema paroksetini inafanya kazi kwa vijana na inavumilika vizuri. Vijana waliowaza kujiua au kujidhuru wakati wa jaribio walihesabiwa chini ya kichwa cha "kuyumba kwa hisia". Daktari wa kawaida anayesoma jedwali hilo kati ya mgonjwa na mgonjwa angejuaje kilichofichwa humo?

Ukweli ulitoka kidogo kidogo. Juni 2003 wadhibiti wa dawa wa Uingereza walitangaza kwamba paroksetini isitumike kutibu sonona kwa walio chini ya miaka 18. Kabla mwaka huo haujaisha walikuwa wametoa tamko kama hilo kwa dawa nyingine za jamii ya paroksetini, isipokuwa moja, fluoksetini. Juni 2004 Eliot Spitzer, Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York, aliishtaki GlaxoSmithKline kwa udanganyifu. Shauri hilo lilimalizwa kwa makubaliano: kampuni ililipa dola milioni 2.5 na kukubali kuweka hadharani matokeo ya majaribio yake. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilikiri makosa mbele ya mahakama ya Marekani na kulipa jumla ya dola bilioni 3 katika mashauri yaliyohusu dawa kadhaa, mojawapo kosa la kuitangaza paroksetini kwa walio chini ya miaka 18 bila idhini. Mwaka 2015 Joanna Le Noury, Jon Jureidini, David Healy na wenzao walichambua upya kumbukumbu za jaribio namba 329 na kuchapisha matokeo katika jarida la BMJ: dawa haikufaa, na madhara, yakiwamo mawazo na vitendo vya kujiua, yalikuwa mengi zaidi kwa waliomeza paroksetini.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa sababu kilivunja kitu ambacho tiba haiwezi kufanya kazi bila yake, yaani imani. Mzazi anayesitasita leo hana ujinga. Dunia ilimpa sababu. Imani hiyo hairudi kwa kumwambia atulie. Inarudi kwa kumwonyesha hesabu zote, nzuri na mbaya.

Wanne kwa mia, wawili kwa mia

Hesabu zenyewe ni hizi. Mwaka 2004 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikusanya majaribio 24 ya dawa tisa za sonona, yaliyohusisha watoto na vijana zaidi ya 4,400. Kwa kuwa kampuni zilikuwa zimeandika matukio kwa majina tofautitofauti, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia waliombwa wayapange upya, bila kuambiwa kijana gani alimeza dawa na gani alimeza kidonge kitupu. Matokeo yalikuwa haya: kati ya kila vijana 100 waliopewa dawa, wapatao wanne walipata mawazo au vitendo vya kujiua. Kati ya kila 100 waliopewa vidonge vitupu, wapatao wawili. Katika majaribio yote 24, hakuna kijana hata mmoja aliyejiua.

Tuzisome hesabu hizi bila haraka. Wawili kati ya mia walipata hali hiyo bila kumeza dawa yoyote, kwa sababu sonona yenyewe huleta mawazo hayo. Dawa iliongeza wawili wengine. Tisini na sita kati ya mia waliomeza dawa hawakupatwa na hali hiyo. Hata hivyo, wale wawili wa nyongeza ni watoto wa watu, na majaribio mengi yaliwaacha nje vijana waliokuwa tayari katika hatari kubwa. Hatuna ruhusa ya kuipuuza hesabu hiyo, wala ya kuikuza.

Oktoba 2004 mamlaka hiyo iliagiza kila dawa ya sonona iwekewe onyo ndani ya mstari mweusi, onyo kali kuliko yote inayotoa kwa dawa iliyo sokoni. Mwaka 2007 iliongeza onyo hilo hadi umri wa miaka 24. Takwimu zake zilionyesha kwamba baada ya umri huo hatari haiongezeki, na kwa wazee wa miaka 65 na zaidi inapungua.

Mwaka huohuo wa 2007, Jeffrey Bridge na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA uchambuzi wa majaribio 27. Kwa upande wa sonona, vijana 61 kati ya 100 walipata nafuu kwa dawa, na 50 kati ya 100 kwa kidonge kitupu. Maana yake, ukiwatibu vijana kumi, mmoja anapata nafuu ambayo asingeipata kwa kidonge kitupu. Kwa upande wa madhara, ilikuwa lazima kuwatibu vijana 112 ndipo mmoja apatwe na mawazo au jaribio la kujiua lililoletwa na dawa. Faida ni ya kadiri, madhara ni ya nadra. Yeyote atakayewaambia kwamba dawa hizi ni sumu, au kwamba ni muujiza, hajazisoma hesabu hizi.

Onyo lilivyopokelewa

Onyo lilikusudiwa liwafanye madaktari wawatazame vijana zaidi. Mamlaka ilipendekeza kijana anayeanza dawa aonwe kila wiki kwa wiki nne za mwanzo, kisha kila baada ya wiki mbili kwa mwezi unaofuata, kisha tena mwishoni mwa wiki ya kumi na mbili. Lakini kilichotokea Marekani ni kwamba madaktari wengi walipunguza kuandika dawa, na ufuatiliaji haukuongezeka kama ilivyotarajiwa. Watafiti wanabishana hadi leo kama kupungua huko kuliwaumiza vijana. Wapo wanaoonyesha kwamba vifo vya kujiua kwa vijana viliongezeka Marekani mwaka 2004, na wapo wanaojibu kwamba mambo mawili kutokea kwa pamoja hakuthibitishi kwamba moja limeleta lingine. Hoja hizo zote nazichukua kwa uzito. Fundisho lililo wazi kwangu ni moja: ukimwambia daktari "ogopa" bila kumpa nafasi, watu na muda wa kufuatilia, ataogopa tu.

Dawa ipi, na kwa nani

Dawa za sonona hazilingani. Mwaka 2016 Andrea Cipriani na wenzake walilinganisha dawa 14 katika majaribio 34 yenye washiriki 5,260 na kuchapisha katika jarida la Lancet. Ni moja tu, fluoksetini, iliyoonyesha kuwa bora kuliko kidonge kitupu kwa watoto na vijana. Venlafaksini ilihusishwa na ongezeko la mawazo ya kujiua.

Jaribio linalonipa matumaini zaidi lilichapishwa mwaka 2004, likiongozwa na John March wa Chuo Kikuu cha Duke. Vijana 439 wa miaka 12 hadi 17 walifuatiliwa kwa wiki 12. Kati ya kila 100, waliopata nafuu kwa vidonge vitupu walikuwa 35. Kwa tiba ya mazungumzo peke yake, 43. Kwa fluoksetini peke yake, 61. Na kwa fluoksetini pamoja na tiba ya mazungumzo, 71. Mawazo ya kujiua yalipungua zaidi katika kundi hilo la mwisho. Dawa ilifanya vizuri zaidi pale kijana alipokuwa na mtu wa kuzungumza naye kila wiki.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Sonona nyepesi haihitaji dawa. Inahitaji kusikilizwa, ushauri, usingizi wa kutosha, mazoezi, na kuondolewa kinachomuumiza, kiwe ni kuonewa shuleni au ukatili nyumbani. Kwa mtoto wa chini ya miaka 12, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unamkataza mhudumu asiye bingwa kutoa dawa za sonona. Kwa kijana wa miaka 12 na zaidi mwenye sonona ya wastani au kali ambayo haijasikia tiba ya mazungumzo, fluoksetini inaweza kufikiriwa, kwa kushauriana na bingwa.

Wiki za mwanzo

Dawa hizi hazifanyi kazi siku ile ile. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili, mara nyingi nne au sita. Madhara hutangulia. Kichefuchefu na maumivu ya kichwa huja na kuondoka. Yanayotakiwa kututisha ni mengine: kijana ambaye ghafla hatulii, anazunguka chumbani, hawezi kukaa, asiyelala usiku mzima, anayekuwa mkali au kufanya mambo ya hatari yasiyo ya kawaida yake, anayezungumzia kifo, anayeaga watu au kugawa vitu vyake. Ukiona hayo, hasa baada ya kuanza dawa au kubadilishiwa kipimo, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje tarehe ya kliniki.

Ipo dalili nyingine inayodanganya: kijana anachangamka kupita kiasi, analala saa chache bila kuchoka, anazungumza bila kituo, anajiona anaweza kila kitu. Familia husema amepona. Huenda ana ugonjwa wa hisia unaopanda na kushuka, na dawa ya sonona imempandisha. Ndiyo maana daktari huuliza kama kuna ndugu aliyewahi kuugua hivyo. Mwambieni ukweli, hata kama ni habari ambayo ukoo hauitangazi.

Muulizeni kijana moja kwa moja: "Mwanangu, umewahi kuwaza kujiua?" Wazazi wengi wanaogopa kwamba swali hilo litampandikizia wazo. Tafiti hazikuona hivyo. Kijana anayeulizwa kwa upole hupata mahali pa kutua mzigo.

Na dawa isikatishwe ghafla, iwe ni kwa sababu ya woga au kwa sababu kijana amepata nafuu. Dawa hizi hazileti uraibu kama pombe, lakini zikikatwa ghafla huleta kizunguzungu, wasiwasi na kukosa usingizi, hasa paroksetini, ambayo hutoka mwilini upesi. Akishapona, huendelea nazo kwa miezi kadhaa, kisha hupunguziwa taratibu na daktari.

Hapa kwetu

Majaribio niliyoyataja yalifanywa mbali na hapa, ila vidonge vimefika hadi kwetu, na vimekutana na mazingira mengine.

Katika vituo vingi vya Afrika Mashariki, dawa ya sonona inayopatikana kwa urahisi ni amitriptilini, ya jamii ileile ya zamani ya imipramini. Kwa sonona ya watoto na vijana haijaonyesha faida ya maana, na ikizidishwa huudhuru moyo. Hiyo si dawa ya kumkabidhi kijana mwenye sonona aende nayo nyumbani, kwa sababu tu ndiyo iliyopo kabatini. Na kwa yeyote anayeitumia kwa sababu nyingine, akiugua malaria amwambie mhudumu kabla ya kupewa dawa mseto, kwani lumefantrini iliyomo huweza kupandisha kiwango cha amitriptilini mwilini. Anayetumia fluoksetini naye ajiepushe na tramadoli, ambayo baadhi ya vijana wetu huinunua mitaani. Zikikutana zinaweza kuleta degedege na sumu mwilini. Dawa za nyumbani zikae mahali palipofungwa, na mtu mzima ndiye azitoe.

Mabingwa wa akili wa watoto ni wachache, na wengi wako mijini. Lakini ufuatiliaji wa kila wiki hauhitaji bingwa kila mara. Nchini Kenya, mpango wa Shamiri uliwafundisha vijana wasio wataalamu kuongoza vikundi vya wanafunzi wa sekondari. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, lililohusisha wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu, waliohudhuria walipungukiwa dalili za sonona na wasiwasi kuliko wale waliofundishwa mbinu za kusoma. Ikiwa kijana aliyefunzwa anaweza kuongoza kikundi, muuguzi wa zahanati na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kufundishwa kumuuliza kijana maswali matano kila wiki na kumpigia simu daktari.

Jambo jingine ni sheria. Kijana hatakwambia anawaza kujiua ikiwa anaamini jibu lake litamfikisha polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa jinai, kinapingana na Katiba. Ni uamuzi wa haki, na pia ni uamuzi wa tiba. Kila nchi ya ukanda wetu ambayo bado ina kifungu kama hicho ikiondoe.

Ninachowaomba

Mzazi, usikatae dawa kwa uvumi wala usiipokee bila kuuliza. Uliza: ni dawa gani, kwa nini hii, na tutaonana tena lini? Jibu la swali la tatu likiwa "baada ya miezi mitatu", omba tarehe ya karibu zaidi, na usione haya.

Mwalimu, kijana aliyeanza tiba hahitaji kutangazwa darasani. Anahitaji mtu mmoja shuleni anayejua, anayemtazama na mwenye namba ya simu ya nyumbani kwao. Shehe na mchungaji, mwombeeni, na mumwambie aendelee na dawa.

Wahudumu wenzangu, tusiandike dawa ya sonona kwa kijana kama hatuna siku ya kumwona tena ndani ya wiki moja. Wizara za afya ziweke fluoksetini katika hospitali za wilaya, zifundishe wauguzi, na zigharimie ziara hizo za wiki za mwanzo kama zinavyogharimia vidonge vyenyewe.

Nanyi vijana: kuugua sonona si aibu, na kutibiwa si udhaifu. Mkianza dawa mkajisikia vibaya zaidi, semeni siku hiyo hiyo, kwa yeyote mnayemwamini. Onyo la mwaka 2004 liliandikwa kwa ajili yenu, ili asiwepo kijana anayepewa kidonge kisha akasahauliwa. Wajibu wa kulitimiza ni wetu sisi watu wazima.